Nafasi ya Chuo Kikuu ni ya Nani?

 

Kila mwaka, mitihani ya darasa la kumi na mbili inapokaribia, nyumba nyingi za wanaozungumza Kiswahili katika nchi za Ghuba hubadilika hali yake. Televisheni huzimwa. Jamaa wanaotaka kuja kutembea huambiwa kwa upole wangoje mpaka mitihani ipite. Mama hutembea ukumbini kama aliyemlaza mtoto mchanga, na baba, ambaye pengine mwaka mzima hakujua mwanawe anasoma masomo gani, huanza kuuliza kila usiku amefika ukurasa wa ngapi. Dua huzidi katika nyumba hizo, na hilo ni jambo la kheri. Lakini mazungumzo hupungua. Kijana haulizwi tena kama amekula wala kama amelala, anaulizwa alama.

Linalokusudiwa kuzungumzwa katika kurasa hizi si ubora wa elimu, kwani hilo halina ubishi baina ya Waislamu. Linalokusudiwa ni suala jengine, jepesi kuliuliza na zito kulijibu: ile nafasi ya chuo kikuu inayoombwa ni ya nani? Ni ya mtoto atakayekwenda kuikalia, au ni ya wazee wake waliomlea na kumlipia? Anayejibu kuwa ni ya mtoto itampasa ajue mpaka wake wa kumsukuma na mpaka wake wa kumsaidia. Na anayejibu kuwa ni ya wazee itampasa aeleze kwa nini basi wazee hawaingii wenyewe katika chumba cha mtihani.

Kabla ya kuwalaumu wazee, ni haki kuieleza khofu yao, kwani khofu hiyo ina asili. Oman kabla ya mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu za serikali, zenye wavulana wapatao 900, na msichana hakuwamo hata mmoja. Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos hakikufunguliwa mpaka mwaka 1986. Kwa upande wa Zanzibar, aliyetaka elimu ya juu alilazimika kuvuka bahari, akaenda Makerere, au Misri, au Uingereza, na waliobahatika walikuwa wachache wa kuhesabika. Kisha yakaja mapinduzi ya Januari 1964. Mashamba ya mikarafuu yakachukuliwa, nyumba zikachukuliwa, na watu wengi wakatoka na kile walichoweza kukibeba. Miaka michache baadaye, pale Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warejee kuijenga nchi, waliorejea na vyeti vyao, waalimu, wauguzi, makarani na mafundi, walipata kazi kwa upesi, khasa kwa kuwa walikijua Kiingereza. Kwa hivyo katika nyumba hizi likabakia fundisho moja ambalo babu hakuwa na haja ya kulisema kwa maneno: shamba huchukuliwa, cheti hakichukuliwi.

Fundisho hilo si la uongo. Lakini khofu inaporithishwa bila ya kuelezwa, mjukuu huipokea khofu na hekima yake ikabakia kwa babu. Kijana aliyezaliwa Al Khoud au Seeb hakuliona shamba lililochukuliwa. Anachokiona ni kwamba baba yake hukunja uso kwa alama 88, naye hajui ni kwa nini. Lau angelikalishwa siku moja akaelezwa yale yaliyompata babu yake, huenda angelisoma kwa hamu zaidi na kwa khofu ndogo zaidi. Wazee wengi hulificha jambo hili kwa kudhani kuwa wanamhurumia mtoto, na kumbe wanamnyima jambo ambalo lingemfanya awaelewe.

Jambo la pili ambalo halijulikani sana majumbani ni namna nafasi zenyewe zinavyogaiwa. Nchini Oman, tangu kuanzishwa kituo cha pamoja cha kupokea maombi ya elimu ya juu mwaka 2005, mwanafunzi huziorodhesha programu anazozitaka kwa mfuatano wa anavyozipendelea, na kompyuta huwapanga waombaji kwa alama zao za ushindani katika kila programu. Ikiwa programu ina nafasi arubaini, hupewa arubaini wa juu miongoni mwa walioiomba. Kwa hivyo alama iliyomtosheleza mwombaji wa mwisho mwaka jana huenda isimtosheleze wa mwaka huu, si kwa kuwa huyu ni mjinga zaidi, bali kwa kuwa mwaka huu wameomba watu wengine. Kijana mwenye 92 aliyekosa nafasi kwa sababu ya wenye 93 hakupungukiwa na kitu chochote katika elimu yake. Elimu aliyolala nayo jana ndiyo aliyoamka nayo leo. Hata hivyo, hapo ndipo simu zinapoanza kulia: "Mwanao kapata ngapi?" Na suala hili huulizwa arusini, na siku ya Idi, na hata katika tanga la maiti, kana kwamba asilimia ni jina la pili la mtoto.

Uingereza wana utaratibu wao. Mwombaji wa shahada ya kwanza hupeleka ombi moja lenye machaguo yasiyozidi matano. Anayetaka udaktari, au chuo cha Oxford au Cambridge, hutakiwa alipeleke mapema, kufikia tarehe 15 Oktoba, na hivyo vyuo viwili kwa kawaida haviombwi vyote katika mwaka mmoja. Marekani kila chuo huamua peke yake, na vingi hutaka pia insha ya mwombaji mwenyewe. Milango ni mingi, na kila mlango una bawabu wake.

Na katika jambo hili la milango muna kisa kinachotosha kuzingatiwa. Nabii Yaakub (A.S.) alipowatuma wanawe Misri, aliwausia wasiingie kwa mlango mmoja bali wagawanyike katika milango mbali mbali; na papo hapo akawabainishia kuwa wasia wake hauwezi kuwakinga na lolote alilolikadiria Mwenyezi Mungu. Baba huyu alitumia akili yake yote katika mpango, kisha hakujifanya kuwa yeye ndiye mwenye matokeo. Wazee wa leo wengi hugawanyika katika nusu mbili za wasia huo. Wako wanaoshika mpango peke yake, wakamwandama mtoto usiku na mchana kana kwamba natija imo mkononi mwake. Na wako wanaoshika majaaliwa peke yake, wakaiacha tarehe ya mwisho ya kupeleka ombi ikapita, kisha wakasema haikuandikwa.

Kundi hili la pili lina ndugu zake, nao ni wale wanaomwendea mtu kuandikiwa hirizi ya mtihani, au wanaomtaka bibi aswali istikhara kwa niaba ya mjukuu kisha wangoje ameota nini. Istikhara ni rakaa mbili na dua, ya mwenye jambo mwenyewe, baada ya kufikiri na kushauriana. Si kazi ya ndoto, wala si ya kukodisha.

Basi mtu anaulizwa nini? Anaulizwa juhudi yake na ukweli wake. Matokeo hayaulizwi, kwani hayakuwa mkononi mwake. Kanuni hii inaonekana nyepesi mpaka inapofika zamu ya kuandika barua ya kuombea nafasi, na hapo wengi, hata watu wa msikitini, huteleza.

Na uchukuliwe mfano wa binti wa darasa la kumi na mbili aliyeko Maskati. Biolojia yake ni nzuri, fizikia ni ya wastani, na moyo wake uko katika uuguzi. Baba yake anataka udaktari. Ami yake aliyeko Uingereza anapiga simu kuwa huko yuko mtu anayeandika barua hizi kwa malipo, na kazi yake ni safi. Vyuo vya Uingereza, kwa wanaoanza masomo kuanzia mwaka 2026, humuuliza mwombaji mambo matatu: kwa nini analitaka somo hilo, masomo yake yamemtayarisha vipi, na amefanya nini nje ya darasa kujitayarisha, na majibu yote kwa pamoja hayatakiwi kuzidi herufi 4,000. Barua ya kununua ikaletwa. Ndani yake imeandikwa kuwa binti huyu tangu utotoni alikuwa akimfunga bibi yake kidonda cha mguu, na hapo ndipo alipoupenda udaktari.

"Baba, bibi hajapata kuwa na kidonda cha mguu."

"Hayo ni ya kupambia tu, mwanangu. Kila mtu anafanya."

"Na wakiniuliza siku ya mahojiano, niwajibu nini?"

Suala la binti ni zuri, lakini ni dogo kuliko jambo lenyewe, kwani yeye anakhofia kufedheheka mbele ya watu. Uzito wake uko mahali pengine. Nafasi inayopatikana kwa maelezo ya uongo imetolewa kwa mtu mwengine aliyeandika ukweli wake ukaonekana mdogo. Huyo hajulikani jina. Pengine ni mtoto wa dereva huko Birmingham, pengine ni mtoto wa jirani. Hiyo ni haki ya mja, na wanavyuoni wa Kiibadhi wamelitilia mkazo jambo hili: toba ya haki ya mja haitimii kwa majuto na istighfari peke yake, mpaka haki irejeshwe kwa mwenyewe. Aliyeiba mbuzi humrejesha mbuzi au thamani yake. Aliyechukua nafasi ya chuo kikuu airejeshe kwa nani? Mwenyewe hajui kuwa alidhulumiwa, na mdhulumu hajui amemdhulumu nani. Baba aliyesema "ya kupambia tu" amemfungulia binti yake deni ambalo hata akitaka kulilipa hatamjua wa kumlipa, na amelifungua kwa jina la kumpenda.

Hapana budi kusema kuwa kusaidia si kudanganya. Kumlipia mtoto mwalimu wa ziada ni halali. Kumsomea barua yake, kumwambia "hapa hujaeleweka", kumkumbusha jambo alilolifanya akalisahau, kumsahihishia maneno aliyoyaandika kwa makosa, yote hayo ni katika wema wa mzazi. Mpaka ni huu: msaada ambao mtoto anaweza kuutaja mbele ya watu wa chuo bila ya kuona haya ni msaada. Ule ambao lazima ufichwe una jina jengine. Kwa kipimo hicho hicho hupimwa programu za kompyuta zilizoenea siku hizi, ambazo huandika barua nzima kwa dakika moja. Anayeitumia kutafuta maana ya neno hana la kuficha. Anayetia saini yake chini ya maneno ambayo hakuyafikiri ametoa ushahidi wa uongo juu ya nafsi yake, na vyuo vya Uingereza vimeshatangaza kuwa huko ni kudanganya.

Na asidhani mtu kuwa haya ni udhaifu wa maskini wanaotafuta pa kutokea. Mwezi wa Machi 2019 serikali ya Marekani iliwashitaki watu 50, na 33 kati yao walikuwa ni wazazi, matajiri na watu mashuhuri, walionunua nafasi za vyuo kwa ajili ya watoto wao. Aliyewaongoza alipokea kiasi cha dola milioni 25. Mtihani ulisahihishwa kwa siri, makocha walihongwa, na picha zikabandikwa ili mtoto asiyeucheza mchezo huo aonekane ni mchezaji wa mpira wa majini. Mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu na nusu. La kutisha zaidi ya kifungo ni kwamba baadhi ya watoto hao hawakujua lolote. Walidhani wamefaulu. Siku ile walipopata khabari walijua mambo mawili kwa mpigo: kwamba hawakufaulu, na kwamba wazee wao hawakupata kuwaamini kuwa wangeweza. Mtoto anayeandikiwa barua huambiwa neno hilo hilo, hata kama halikutamkwa.

Mambo haya hayaishi kwa shahada ya kwanza. Wapo vijana, wengi wao wameshaoa na kuolewa, wanaoomba shahada ya pili au ya udaktari wa falsafa, na huko mateso ni ya namna nyengine, kwa kuwa jawabu halitegemei alama peke yake. Ombi zuri hukataliwa kwa sababu profesa wa fani ile anastaafu, au fedha za utafiti zimekwisha, au mwaka huu ameshachukua wanafunzi wawili na hana nafasi ya wa tatu. Mwombaji haambiwi hayo. Anapelekewa mistari minne ya kusikitika naye, akaisoma kama hukumu ya akili yake. Marekani vyuo vingi vimekubaliana kuwa anayepewa nafasi pamoja na malipo ya masomo ana muda mpaka tarehe 15 Aprili wa kujibu. Kwa hivyo aliyewekwa katika orodha ya kungojea huenda akapata khabari siku ile wengine wanapoziacha nafasi zao. Kimya cha mwezi wa Machi si jawabu, na mke au mama aliyeko nyumbani akilijua hilo hatomuuliza mtu wake kila jioni.

Katika daraja hii pia kuna mtihani wa barua, nao ni barua ya mwalimu ya kumsifu mwanafunzi. Wapo waalimu wenye shughuli nyingi wanaomwambia mwanafunzi ajiandikie mwenyewe, nao wataweka saini. Mwanafunzi hufurahi, na asifurahi. Barua ile ni ushahidi, na shahidi hutoa alichokijua yeye. Inajuzu kumpelekea mwalimu orodha ya masomo aliyoyasoma na kazi alizozifanya ili akumbuke. Lakini sifa na zitoke kwa mwenye kusifu. Mwalimu mmoja anayemjua mwanafunzi vyema na akaandika maneno machache ya kweli ni bora kuliko mkubwa wa kitivo aliyetia saini asichokisoma.

Limebakia jambo la mwili. Kijana anayekosa usingizi wiki nyingi, au anayekiacha chakula, au anayejifungia asitake kumwona mtu, au anayesema kuwa bora asingezaliwa, huyo si mvivu na wala si mchache wa imani. Katika jamii hizi, jambo kama hili huambiwa ni jicho, au hufichwa ili posa zisije zikaharibika. Mtume (Rehema na Amani zimshukie) ametuamrisha kutafuta tiba, na hakuutoa moyo katika amri hiyo akaubakisha mguu. Apelekwe kwa tabibu, na mapema, na masomo yangoje. Aliyepotewa na mwaka wa masomo atakuja kusoma mwaka mwengine. Anayejua hivyo kutoka kinywani mwa baba yake hulala vizuri zaidi kuliko anayelijua kutoka kitabuni.

Vilevile, siku ya matokeo ina adabu yake. Ujumbe unapofika katika simu ya mtoto, asinyang'anywe. Ausome yeye kwanza, kwani ombi lilikuwa lake. Baba asifunge safari ya kwenda kwa huyu na yule kutafuta mtu wa kumpitishia mwanawe mlango wa nyuma. Kuna mfululizo wa pili wa kugaiwa nafasi, na kuna vyuo vyengine, kama Chuo Kikuu cha Teknolojia na Sayansi za Matumizi kilichoundwa mwaka 2020 kwa kuunganishwa vyuo vya mikoani, ambavyo wengine huvidharau kwa jina tu hali ya kuwa hawajapata kuingia ndani yake. Na jamaa wakipiga simu kuuliza asilimia, inatosha kuwajibu, "Alhamdulillahi, amemaliza," na yakafuata mazungumzo mengine.

Ama yule binti, ile barua ya ami aliirejesha. Alikaa siku tatu akaandika yake, kwa Kiingereza chake cha skuli, na akauweka uuguzi mbele. Bibi yake ana maradhi ya sukari. Kwa miaka mitatu yeye ndiye anayemtoboa kidole kila asubuhi kabla ya kwenda skuli, akatia tone la damu katika kijimashine, na akaandika namba katika daftari. Na siku moja aliona namba zinapanda kila Jumamosi, akauliza, ikajulikana kuwa Ijumaa bibi huletewa halua na mtu ambaye hakutaka kumtaja. Hayo ndiyo aliyoyaeleza, pamoja na halua yake. Baba aliisoma barua kwa kusimama, kisha akakaa akaisoma tena. Miaka mitatu alikuwa akipita mbele ya meza ile kila asubuhi akiharakia kazini. Alipomaliza aliuliza daftari lenyewe liko wapi.